Kufyeka si Kufagia

Kila mwaka mvua za kwanza zikaribiapo, sauti ya panga na shoka husikika tangu Shinyanga na Kahama hata Geita na Chato. Mwenye kulima mahindi hufyeka na kuchoma. Mwenye kulisha ng'ombe hutia moto nyasi kuukuu ili mpya ziote upesi. Naye mwenye shamba la misindano, yaani ile misonobari ipandwayo siku hizi kwa ajili ya mbao na nguzo, huondoa vichaka vilivyoota chini ya miti yake. Kazi hizi zina sababu, wala hatuandiki leo ili kumvunja moyo mtu yeyote aliyeshika jembe. Mwenyezi Mungu alimweka mtu wa kwanza katika bustani ili ailime. Kazi ni heshima yetu, na uvivu hauna sifa mbele ya Mungu wala mbele ya majirani.

Lakini twaona desturi moja inayoenea, nayo yatutia wasiwasi. Watu wengi wamezoea kudhani kwamba shamba bora ni lile lililofagiwa kama ua wa nyumba siku ya harusi: pasipo jani, pasipo kijiti, pasipo gogo bovu, udongo umebaki mtupu juani. Aonaye shamba la namna hiyo humsifu mwenyewe akisema, “Huyu ni mchapa kazi.” Na aonaye shamba la jirani ambalo majani makavu yameachwa chini humcheka. Basi neno letu la juma hili ni hili: kufyeka ni kazi moja, kufagia ni nyingine. La kwanza mara nyingi latupasa. La pili huwafukuza wafanya kazi ambao hatukuwaajiri wala hatuwalipi, nao ndio wautunzao udongo unaotulisha.

Ni akina nani hao? Mtu akiinua gogo lililooza, au akifunua majani makavu chini ya kichaka, atakuta mji mzima. Jongoo hujikunja, tandu hukimbia, buibui na dundu hutafuta maficho. Chini yao nyungunyungu wamechimba njia zao, mchwa wamejenga vijia vyao vya udongo, na sisimizi wabeba mizigo iliyo mikubwa kuliko miili yao. Zaidi ya hao wapo wengine wadogo mno, ambao jicho huwaona kwa shida au haliwaoni kabisa pasipo kioo cha kukuzia: utitiri wa udongoni, na vidudu waitwao kolembola, wasio na mbawa, ambao wengi wao hujirusha kwa kijiti kilichokunjwa chini ya tumbo. Mwaka 2023 wataalamu walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya aina zote za viumbe hai duniani, tukihesabu pamoja na kuvu na bakteria, huishi udongoni. Basi juu ya nchi ndiko kwenye wachache.

Kila mmoja wa hao ana zamu yake ya kazi. Jongoo huanza kutafuna jani gumu na kulikata vipande. Utitiri na kolembola hula masalio na kuvu, wakiyasaga mabaki hata yawe laini zaidi. Kuvu na bakteria humaliza kazi, na jani lililodondoka mwaka jana huwa chakula cha mizizi ya mwaka huu. Dundu hufukia mavi ya ng'ombe, yasikauke bure juu ya ardhi. Nyungunyungu huumeza udongo na kuutoa, wakiacha matundu ambamo maji ya mvua huingia badala ya kukimbilia mtoni. Charles Darwin, mwanachuoni wa Kiingereza, aliandika mwaka 1881 kitabu kizima juu ya nyungunyungu, akakadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza huleta juu ya ardhi zaidi ya tani 10 za udongo katika kila ekari kwa mwaka.

Pengine msomaji atasema kwamba Uingereza ni nchi ya baridi na mvua, wala haifanani na Shinyanga. Ni kweli. Basi tutazame nchi kavu. Katika upande wa magharibi wa Australia watafiti walilinganisha sehemu za shamba la ngano ambazo mchwa na sisimizi waliachwa, na sehemu ambazo waliuawa kwa dawa. Mwaka 2011 walitangaza kwamba penye mchwa na sisimizi mavuno yalizidi kwa asilimia 36. Mashimo ya wadudu hao yaliingiza maji ndani ya udongo, tena naitrojeni iliongezeka. Katika nchi kavu, ambamo nyungunyungu ni wachache, mchwa na sisimizi hushika nafasi yao. Mkulima wa kwetu aliyeona mahindi yakistawi kando ya kichuguu hahitaji kusadikishwa.

Sasa tuone yatokeayo panga lipitapo chini ya miti, na hasa chini ya misindano. Miti hiyo imeanza kuwa mali katika pande zetu. Rubya katika kisiwa cha Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema wameijua kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni serikali imeanzisha shamba kubwa la miti huko Chato, mkoani Geita, katika eneo lililokuwa hifadhi ya msitu. Watu binafsi nao wapanda, wakitumaini kusomesha watoto kwa mbao zitakazopatikana.

Jani la msindano ni kama sindano: ni gumu, lina utomvu, nalo huoza polepole. Yakirundikana peke yake, majani hayo huufanya udongo wa juu uwe mchachu, na si viumbe wengi wawezao kuishi kwa chakula hicho tu. Kumbe vichaka vya asili viotavyo chini ya misindano hudondosha majani laini na mapana. Kwa wadogo wa udongoni vichaka hivyo ni jiko, ni paa la nyumba, na ni mtungi wa maji. Vikifyekwa vyote na kuchomwa, mambo kadha hutokea pamoja. Kivuli huondoka, na jua hupiga udongo moja kwa moja. Unyevu hupungua. Majani makavu yaliyofunika ardhi huwa majivu, nayo majivu hupeperushwa na upepo au huchukuliwa na mvua ya kwanza. Wenye miili ipendayo unyevu, kama nyungunyungu, jongoo na kolembola, ndio wanaoumia kwanza. Buibui waliotanda nyuzi zao vichakani hukosa mahali pa kuzitanda.

Hatusemi kwamba kila kiumbe hufa. Wengine hupenda jua, na baadhi ya sisimizi huongezeka mahali palipofunguliwa. Ndiyo maana mtu aweza kutazama shamba lililofagiwa, akaona wadudu wengi wakikimbia, akadhani mambo ni mema. Idadi yaweza kubaki ile ile huku aina zimepungua. Ni kama kijiji ambacho wahunzi, wafinyanzi, wakunga na walimu wamehama wote, wakabaki wachuuzi watupu. Watu wapo, lakini siku jembe litakapovunjika hakuna wa kulitengeneza.

Jambo la pili la kulikumbuka ni hili: hasara hiyo hutegemea sana namna ya kufyeka. Vichaka vilivyokatwa vikiachwa vilale juu ya ardhi, kivuli na chakula haviondoki vyote, na viumbe wengi huvumilia. Sehemu zisizofyekwa zikibaki hapa na pale, wale waliofukuzwa hupata kimbilio, kisha hurudi. Lakini vikichomwa vyote, au ardhi ikishindiliwa kwa mitambo mizito, kurudi kwao huchelewa.

Misindano yenyewe yashuhudia jambo hili. Haikuwa miti ya Afrika Mashariki. Aina moja ipandwayo sana Tanzania asili yake ni Mexico, na nyingine ni Amerika ya Kati. Katika nchi nyingi za Afrika, miche ya kwanza ilidumaa na kuwa ya manjano, ingawa ilimwagiliwa maji na kutunzwa vema. Haikustawi mpaka mabwana miti walipoleta udongo kutoka mahali penye misindano iliyokwisha kukua na kuuchanganya na udongo wa vitalu. Ndani ya udongo ule mlikuwa na kuvu washikamanao na mizizi na kuipatia chakula. Mti mrefu kuliko nyumba ya ghorofa ulikuwa ukimngojea kiumbe asiyeonekana kwa macho! Anayepanda misindano na kuudharau udongo hajaufahamu mti wake.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili, nayo yafaa ielezwe kwa haki. Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga na Geita ilifunikwa na vichaka na pori la miti, na humo mliishi mbung'o. Mbung'o aliua ng'ombe, na aliwaletea watu malale. Mwaka 1922 ugonjwa huo ulizuka katika wilaya ya Maswa. Mwingereza C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa bwana nyama wa kwanza wa serikali ya Kiingereza katika Tanganyika, alianza katika miaka hiyo ya 1920 kuyafanyia majaribio Shinyanga. Alitambua kwamba mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli cha vichaka. Basi watemi waliwaita watu wao, na maelfu walitoka na mashoka kufyeka pori, na nyasi zilichomwa moto mkali mwishoni mwa kiangazi. Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, lakini kazi ile iliendelea. Baada ya mwaka 1947, katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, pori la Geita nalo lilifunguliwa, na watu waliosongamana mashariki walihamia huko pamoja na ng'ombe wao.

Tusiwahukumu wazee wetu. Mtu aonaye mtoto wake akisinzia mchana kutwa kwa malale, na zizi lake likiwa tupu, hangoji. Walifyeka kwa ajili ya uhai, nao walifaulu. Lakini pori lilipoondoka, halikuondoka na mbung'o peke yake. Kisha mambo mengine yalifuata: pamba ilienea, ng'ombe waliongezeka, kuni zilikatwa mbali zaidi kila mwaka, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga watu na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi ya kichanga ya vilimani, ile Wasukuma waiitayo luseni, ilibaki uchi. Mvua ilinyesha, lakini maji hayakuingia. Yalikimbilia mbugani yakichukua udongo pamoja nayo. Katika miaka ya 1980 watu walifika hatua ya kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Basi mwaka 1986 ulianzishwa mradi uitwao Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waujua kwa jina la HASHI, nao uliendelea hata mwaka 2004. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa katika vitalu na miche. Baadaye wataalamu walijifunza kwa wananchi jambo ambalo halikuhitaji mche wala ndoo ya maji. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa wakati wa kiangazi kikali, nyasi za kwingine zikiisha. Ardhi ikipumzishwa hivyo, visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa huchipua, maana mizizi yake i hai. Nyasi husimama, majani hudondoka na kubaki palipoanguka, na chini ya majani hayo wadogo wa udongoni hupata tena makao. Hakuna aliyewabeba kwa gari kuwarudisha. Waliachiwa nyumba yao tu.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta mia sita tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa leo. Mwaka 2012 sehemu zake ziliingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Waliohesabu waliona humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Tena walikadiria kwamba kuni, nguzo, asali, uyoga, dawa, matunda na malisho ya ngitili vilimpatia kila mtu faida ya dola 14 za Marekani kwa mwezi. Sheria za ngitili hazikutoka mbali. Zilipitishwa na wananchi wenyewe katika dagashida, baraza lao la jadi, na aliyelisha kwa wizi alitozwa faini mbele ya majirani zake.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo imani yetu inapogusana na panga letu. Maandiko Matakatifu husema kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na mambo hayo mawili yamefungwa pamoja. Alimaye pasipo kutunza ametimiza nusu ya amri. Tena katika sheria ya Musa Mungu aliamuru kwamba mwaka wa saba ardhi ipumzike, na kile kilichoota chenyewe kiwe cha maskini, kisha cha wanyama. Yaani sabato haikuwa ya watu peke yao. Ardhi nayo ilikuwa na sabato yake. Mfalme Sulemani alimtuma mvivu akajifunze kwa chungu. Hakuona haya kumfanya mdudu mwalimu wa wana wa Adamu. Mtume Paulo, akieleza habari za mwili, alifundisha kwamba viungo vionekanavyo dhaifu ndivyo tusivyoweza kuviacha. Yeye alinena juu ya Kanisa. Lakini aliyeliumba Kanisa ndiye aliyeuumba udongo, na mkono wake waonekana katika kazi zote mbili.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kama walivyosimulia walioandika maisha yake, alikuwa akiwaokota minyoo njiani na kuwaweka kando, wasikanyagwe na wapita njia. Wengine walidhani huo ni utoto. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyechagua jina la mtakatifu huyo, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alitukumbusha kwamba hata kuvu, minyoo na wadudu wana sehemu yao isiyokosekana katika mpango wa uhai. Si kwamba mdudu awe sawa na mtu. Mtu peke yake ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtu ameaminiwa vitu ambavyo si vyake, naye atavitolea hesabu. Msimamizi hawachomi watumishi wa bwana wake ili nyumba ionekane safi.

Twajua kwamba wako watakaotujibu, nao wana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza atasema, “Mchwa wamekula mahindi yangu, nanyi mwataka niwafuge!” Twamhurumia. Lakini aina za mchwa ni nyingi, na ziharibuzo mazao ni chache. Tena mchwa chakula chake hasa ni kitu kikavu kilichokufa. Mtu akiondoa kila jani na kila bua shambani, amemwachia mchwa chakula kimoja tu, nacho ni hindi lililosimama. Mara nyingi shamba lenye matandazo huokoka, maana mchwa amepata cha kula chini.

Wa pili, mwenye misindano, atasema, “Vichaka vikibaki, moto utateketeza miti yangu ya miaka kumi.” Neno lake ni zito, maana moto ni adui wa kweli wa misindano, na hatumshauri mtu yeyote kulala usingizi. Katika nchi za kandokando ya Bahari ya Mediteranea pia watu hufyeka chini ya misonobari kwa hofu hiyo hiyo. Hapa busara ni kupambanua mahali. Njia za kuzuia moto zinazozunguka shamba na kuligawa zifagiwe hasa, mpaka udongo uonekane; huko kufagia ndiko kwenye haki yake. Lakini ndani ya shamba vichaka vifyekwe kwa mistari, mwaka huu mstari huu na mwaka ujao mstari mwingine, visifyekwe vyote siku moja. Vilivyokatwa visirundikwe kwenye mashina ya miti, bali vikatwe vipande vifupi na kulazwa vigusane na udongo. Tena kazi hiyo ifanywe mvua zikianza, ili vioze kabla ya kiangazi. Kitu kilichooza huwa mboji, na mboji yenye unyevu haiwaki upesi kama tawi kavu lililoning'inia.

Wa tatu atasema, “Mbung'o watarudi.” Siku hizi kuna njia nyingine za kupambana naye, kama vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, vinavyomvuta na kumwua, pasipo kukata pori zima. Na wa nne, mama wa nyumba, atauliza habari za nyoka. Mama, ufyeke na kufagia uzungukao nyumba yako wala usiwe na shaka! Hatukusema neno juu ya ua wako. Vilevile mabua ya pamba yang'olewe na kuteketezwa kama ilivyoamriwa, maana humo hujificha wadudu waharibifu wa msimu ujao. Kila kanuni ina mahali pake.

Yatupasa sasa tuseme neno kwa ndugu zetu wa machimboni. Geita imejulikana kwa dhahabu tangu zamani za Waingereza. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mwingine mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, na pande zote mbili za wakati huo wachimbaji wadogo wameendelea kushuka mashimoni kutafuta riziki. Kazi yao ni ngumu na ya hatari, nao hulisha jamaa nyingi. Lakini palipo na shimo jipya vichaka hufagiwa, miti hukatwa kwa ajili ya matimba ya kuegemeza kuta, na udongo wa juu hufukiwa chini ya kifusi. Mtu atafutaye dhahabu huuona udongo wa juu kama kifuniko cha sanduku: akifunue, akitupe, afikie hazina. Hebu na akumbuke jambo moja. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wataalamu wa madini wamepima udongo wa vichuguu ili kujua kama chini yake kuna dhahabu, kwa maana mchwa huuleta juu udongo wa vilindini. Yule mdudu adharauliwaye alikuwa mchimbaji kabla yetu.

Twawasihi wenye leseni na wenye maduara: kabla ya kuchimba, ule udongo mweusi wa juu utengwe kando, usichanganywe na mawe, na shimo lifukiwapo urudishwe wa mwisho. Ndani yake mna mbegu, kuvu na mayai ya vidudu, yaani mwanzo mpya wa shamba. Na zebaki isimwagwe ovyo, maana ikiingia udongoni haiozi; hukaa humo, huingia katika miili ya viumbe wadogo, na kutoka kwao hupanda hata kwa samaki na kwa mtu. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na mkataba wa mataifa wa kuipunguza. Dhahabu ya duara huisha siku moja. Siku hiyo wana wa mchimbaji watarudi kuomba chakula kwa udongo huu huu.

Kwa wakulima na wenye miti, ushauri wetu ni mfupi. Ufyeke panapohitaji, usichome pasipo sababu. Kilichokatwa kilale mahali kilipoota. Acha ukanda wa vichaka kando ya shamba na kando ya kijito, nao uwe kimbilio la viumbe. Acha gogo bovu moja au mawili yaoze kwa amani. Kichuguu kisicho na madhara kisibomolewe kwa mchezo. Na ile ngitili waliyoiacha wazee, msiigawanye vipande na kuiuza kwa sababu ya shida ya mwaka mmoja.

Tena tusimsahau maskini. Mjane asiye na shamba hupata uyoga wake, kuni zake, mboga zake za porini na kumbikumbi wa watoto wake pale ambapo hapajafagiwa. Afagiaye kila kitu humnyang'anya pasipo kumwona. Katika sheria ya zamani mvunaji aliamriwa kuacha masazo pembeni mwa shamba kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane. Kile kichaka ulichokiacha kando ya misindano yako kitakuwa masazo yako ya leo.

Karibu mtaleta mbegu kanisani zibarikiwe, kama desturi ilivyo katika parokia nyingi kabla ya kupanda. Padre ataziombea mbegu mvua na jua kwa kipimo chake. Lakini mbegu iliyobarikiwa huzikwa udongoni, na huko chini iko mikono mingine iipokeayo. Mtu atakayeiweka mbegu yake katika udongo ulio hai, wenye majani yake juu na wafanya kazi wake ndani, ameomba kwa kinywa na kwa jembe pia. Mwenyezi Mungu, asiyemsahau hata shomoro mmoja, abariki mashamba yenu, miti yenu, na wale wadogo wasiohesabiwa walio chini ya nyayo zenu.